Kanisa lenu limeungua, mheshimiwa anataka kuwajengea: haya ndiyo yaliyotupata sisi Makalasinga

Ndugu, umeandika kwamba kanisa lenu limeteketea, umebaki ukuta mmoja, na mheshimiwa ameahidi kulijenga lote kabla ya uchaguzi awakabidhi ufunguo. Wazee wamegawanyika, nawe unauliza mkubali au mkatae. Poleni sana. Mimi si wa dini yenu, ni Kalasinga, yaani Msikh, mzaliwa wa Kisumu, mtoto wa seremala. Lakini swali hilohilo liliwahi kututesa sisi, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Kule Amritsar, jimbo la Punjab nchini India, mkabala na Hekalu la Dhahabu, hekalu letu kuu, kuna jengo linaloitwa Akal Takht, ndipo maamuzi makubwa ya umma wetu yanapotolewa. Lilianzishwa na Guru Hargobind, mmoja wa maguru, viongozi waasisi wa dini yetu, mwanzoni mwa karne ya 17, na mapokeo yetu yanasema hakuajiriwa fundi hata mmoja. Guru aliweka jiwe la kwanza, kuta zikapandishwa na wazee wawili wa umma wetu, Baba Buddha na Bhai Gurdas, kwa mikono yao wenyewe. Lishike hilo, nitalirudia.

Juni 1984 jeshi la India liliingia humo kuwatoa Jarnail Singh Bhindranwale, mhubiri wa Kalasinga mwenye msimamo mkali, na watu wake wenye silaha waliokuwa wamejichimbia ndani. Ilikuwa wiki ya kumbukumbu ya kuuawa kwa Guru Arjan, baba yake Hargobind, mahujaji wamejaa tele. Watu walikufa kwa mamia, na Akal Takht ikapigwa na vifaru mpaka ikawa gofu. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka gurudwara yetu ya Kisumu, nyumba yetu ya ibada, jioni moja ya siku zile: wanaume wazima wamekaa zuliani wanalia bila kujificha, na jikoni akina mama wanasukuma chapati, wanasukuma tu, ingawa hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

Serikali ilitaka lile jeraha lifunikwe upesi. Ikampata Santa Singh, mkuu wa kundi moja la Wanihang, wapiganaji wa jadi wa Makalasinga, akaongoza ujenzi, mkandarasi akaingia, na kazi ikapewa jina letu tukufu la kar seva, yaani kujenga kwa mikono ya kujitolea. Kabla mwaka haujaisha jengo lilikuwa limesimama. Baba aliliona kwenye picha, akalitazama kwa jicho la fundi, akasema kazi ni safi. Kisha akaigeuza ile picha kifudifudi mezani. Sijamwona akifanya hivyo tena kwa picha yoyote.

Waumini walilikataa. Santa Singh alitengwa Julai mwaka uleule, na tarehe 26 Januari 1986 mkutano mkuu wa Sarbat Khalsa ukaamua jengo libomolewe lijengwe upya. Likabomolewa kweli. Sitakuficha, siasa kali za wakati ule zilikuwemo katika uamuzi huo, na gharama yake ilikuwa miaka na miaka ya ujenzi usiokwisha, katika Punjab iliyokuwa ikimwaga damu. Wako waliosema, na si wajinga, kwamba paa ni paa. Lakini mahali palipoanza kwa mikono ya wazee wawili hapangeweza kurudishwa na aliyepabomoa, akatuachia sisi kazi ya kusema asante.

Mwaka 1993 baba alinipeleka Amritsar, ujenzi ule mpya ukiendelea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikidhani nakwenda kuswali tu. Asubuhi ya kwanza nikapewa karai. Karai lilelile la mjengo unalolijua wewe, na jina lake tulilileta sisi Wahindi, *karahi*. Tukapanga mstari, mchanga ukapita mkono kwa mkono, tukilitaja jina la Mungu, "Satnam Waheguru", kwa pamoja. Waliochukua kichwani walikunja ngata ya kitambaa. Mimi kilemba changu ndicho kilikuwa ngata. Mchanga ulikuwa mbichi, maji yakinitiririka shingoni mpaka kiunoni. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja asiyeweza kuinua karai, kwa hiyo alipewa matofali, moja moja. Kila tofali alilifuta kwa ncha ya mtandio wake kabla ya kumpa wa mbele. Nikamwambia, mama, litapakwa saruji, hakuna atakayeona vumbi. Hakunijibu. Akafuta lililofuata.

Baba alishinda pale siku kumi na mbili. Hakuwahi kuniambia alichokuwa akifikiri, ila siku ya mwisho aliniomba nimpige picha akiwa amesimama mbele ya ukuta usiokwisha, na hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni Kisumu mpaka leo.

Sasa kwenu. Fedha ya mheshimiwa haiwi haramu eti kwa sababu tu ni yake. Kinachonitisha ni ule ufunguo wa kukabidhiwa. Msimngojee. Jumapili hii tandikeni turubai hapohapo kiwanjani msali juu ya majivu, hata kama mko ishirini. Watoto wasombe mawe, wajane walete yai moja moja likauzwe, kila jina lisomwe, la shilingi hamsini na la laki moja kwa sauti ileile. Na pikeni. Ukipita barabara ya Mombasa, ingia gurudwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 na Makalasinga wa reli. Yeyote anayeingia anakula bila malipo, hata leo. Watu wanaokula pamoja kiwanjani hurudi kiwanjani.

Mtachelewa. Uchaguzi utapita kanisa likiwa kwenye linta, na watakaowacheka watakuwepo. Mheshimiwa akitaka kusaidia, mwambieni kwa heshima zote kwamba kazi ni kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, na karai lake lipo.