Maswali kwa Fundi: Waksi ya mkono au ya mashine?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua Toyota IST nyeusi, imetumika Japani, imeingia mwezi wa tatu. Mchana kivulini iko safi, lakini usiku chini ya taa za sheli naona michirizi ya mviringo kama utando wa buibui. Kijana anayeniosheaga gari anasema inataka waksi ya mashine, shilingi 120,000, kwa sababu ya mkono "haiingii". Mjomba wangu anasema mashine itakula rangi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza tulitenganishe neno, maana ugomvi wenu wote umezaliwa hapo. Sisi chochote kinachopakwa kwenye gari likang'aa tunakiita polishi au waksi. Kumbe humo mna kazi mbili. Moja ni kukwangua: dawa yenye chembechembe, ile kampaundi, inaparua uso wa rangi kidogo kidogo mpaka mikwaruzo iishe. Nyingine ni kupaka: waksi inakaa juu ya rangi kama mafuta juu ya ngozi, wala haiondoi kitu. Waksi haiingii kwa mkono na haiingii kwa mashine, kwa sababu haina pa kuingia.

Kwa hiyo kijana akikwambia waksi ya mashine, muulize swali moja tu: kwenye sponji unaweka nini? Akikuonyesha kopo la waksi, michirizi yako itabaki palepale, itafichika kwa wiki chache, ukiosha mara nne tano inarudi. Akikuonyesha kampaundi, ataiondoa kweli, lakini hapo ndipo mjomba wako ana hoja.

Rangi ya kiwandani, kuanzia praima, ile rangi ya msingi ya chini, mpaka klia ya juu, huwa kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Klia peke yake, ile inayokupa mng'ao na kuzuia jua, ni kama 40 au 50, haifiki unene wa unywele. Kila ukikwangua unaitumia hiyo. Na gari lililotumika huwezi kujua huko lilikotoka limekwanguliwa mara ngapi.

Mimi hili nililijua kwa maumivu. Nilipokuwa fundi kijana mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilipewa Peugeot 504 ya bluu ya mzee mmoja mpole sana. Mashine yenyewe ilikuwa ile ya kuzunguka moja kwa moja, nzito kama jiwe la kusagia, na kichwa cha manyoya ya kondoo. Nikaizungusha kwa kasi yote, nikapita kwenye ukingo wa boneti kama napita katikati. Kwenye ukingo rangi ni nyembamba na joto hukusanyika. Nilipoinua mashine nikaona mstari wa kijivu: praima. Nilipaka upya boneti zima kwa mshahara wangu. Yule mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku hizi kuna mashine yenye huruma, inazunguka huku inayumba. Ukiikandamiza sana, kichwa kinaacha kuzunguka, kinatetemeka tu. Ukipata fundi mwenye hiyo, anayebandika tepu ya karatasi kwenye kingo na kujaribu kwanza sehemu ndogo ya mlango kabla ya kurukia gari zima, mpe kazi ya kuondoa michirizi mara moja, basi. Asiye na tepu usimwachie ufunguo.

Waksi yenyewe paka kwa mkono wako. Kwa gari dogo kama IST ni kazi ya saa mbili, na mkono una akili ambayo mashine haina: unasikia mchanga. Osha gari, likauke. Halafu vaa mfuko wa plastiki wa mkate mkononi (mifuko ya rambo si tulipigwa marufuku 2019) na upitishe vidole juu ya boneti taratibu. Ukisikia vipele, ni chumvi ya bahari, utomvu, au chembe za breki, na ninyi wa Tanga chumvi mnaijua. Kuna udongo maalumu wa kuondolea hivyo, unafanana na ule wa watoto wa kuchezea. Unausugua na maji ya sabuni. Ukipaka waksi juu ya vipele umevifunika tu.

Usipake juani. Boneti jeusi saa saba mchana halishikiki, na waksi ikikauka hapo inageuka ukoko wa wali, utaisugua mpaka upate michirizi mipya. Fanya alfajiri au chini ya paa. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti. Ukiweza kuuacha hapo bila kuguna, anza.

Na paka kidogo. Watu wengi wanakosea hapa wakidhani nyingi ndiyo inayolinda. Kwa mlango mmoja, kiasi cha sarafu ya shilingi 200 kinatosha. Ieneze kwa sponji yenye unyevu mpaka uone ukungu mwepesi tu. Vuta kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa, kikipaka matope, subiri. Futa kwa taulo la maikrofaiba, si fulana kuukuu yenye mishono. Plastiki nyeusi za bampa ziruke, waksi ikikauka mle inaacha weupe usiotoka kirahisi.

Kama ni waksi ya carnauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, kwa jua letu usitarajie zaidi ya wiki chache. Za kutengenezwa kiwandani hudumu miezi. Mwagia maji: yakisimama matone matone bado ipo, yakitandaa bila kufanya matone, rudia.

Mashine kwa waksi naitumia wapi? Kwenye Coaster. Mabati yale yote kwa bega la umri wangu, hapana. Naweka sponji laini kabisa, mwendo wa chini, nashikilia tu bila kukandamiza. Inaeneza vizuri na nyembamba kuliko mkono, nakiri. Lakini mng'ao wake na wa mkono ukiniwekea pembeni, siwezi kukwambia upi ni upi.

SWALI: Nina pikapu nyekundu ya zamani. Fundi alipopiga polishi, kitambaa chote kilikuwa chekundu kama damu. Amenimaliza?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hajakumaliza. Gari lako halina klia, ni rangi tupu, na tabaka la juu limekufa kwa jua. Hilo ndilo lililohamia kwenye kitambaa. Ni lazima litoke. Ila mwambie aishie pale wekundu wenyewe unapotokea, kisha waksi siku hiyohiyo, usilale nayo hivihivi. Ingekuwa gari lenye klia halafu kitambaa kikatoka na rangi, hapo ungekuwa na sababu ya kupiga kelele.

SWALI: Pale ninapooshea wanamalizia kwa kufuta bodi na dizeli. Linang'aa ajabu. Si sawa na waksi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Linang'aa mpaka ufike kituo cha Rangi Tatu, hapohapo Mbagala. Dizeli haikauki upesi, inashika vumbi lote la njia, na kesho wanalifuta vumbi hilo kwa tambara, wanalisugua kwenye rangi yako. Halafu yule wa Tanga ananiandikia kuhusu utando wa buibui.