Sakafu ya mbao: maswali yenu kuhusu deki, madoa na mbao zilizopinda

Nadeki kila siku kwa maji na sabuni, lakini sakafu inazidi kufifia. Nakosea wapi?

Maji yamezidi. Kinachong'aa pale si mbao bali ni vanishi, mafuta au nta iliyopakwa juu yake, na hicho ndicho unachokitunza. Maji mengi hupenya kwenye maungio na kuvimbisha mbao. Sabuni isiyofutwa nayo huacha utando unaonasa vumbi, ndiyo maana unadeki na mng'ao haurudi.

Kazi ya kila siku iwe kufagia. Mchanga ni mbaya kuliko tope, kwa sababu ukikanyagwa hufanya kazi ya msasa, na mikwaruzo yake midogo midogo ndiyo inayoua mng'ao. Tumia fagio laini, na weka zulia la kufutia miguu mlangoni, ndani na nje. Kudeki mara moja kwa wiki kunatosha nyumba nyingi. Likamue tambaa mpaka lisidondoshe hata tone, kisha fuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ulipopita pakichukua zaidi ya dakika mbili kukauka, hujakamua vya kutosha.

Siki je? Nimeambiwa inang'arisha.

Iache jikoni. Siki ni asidi, na ikirudiwa mara kwa mara hufifisha vanishi. Kwa nta ni mbaya zaidi. Tumia sabuni ya sakafu za mbao, tena kidogo. Mashine za kusafishia kwa mvuke pia siziungi mkono hata kidogo: joto na unyevu kwa pamoja husukumwa moja kwa moja kwenye maungio.

Chini ya chungu cha maua pana alama nyeupe, na pembeni yake nyingine nyeusi. Nizitoe vipi?

Ni madoa mawili tofauti. Jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya nta au vanishi. Lipe siku kadhaa, mara nyingi hufifia lenyewe. Likigoma na sakafu yako ni ya nta, sugua taratibu kwa tambaa laini lenye nta kidogo.

Jeusi ni habari nyingine. Hapo maji yamefika kwenye mbao zenyewe. Mbao zenye tanini nyingi (kemikali ya asili ya miti), kama mwaloni, zikikutana na maji na chembe za chuma hutoa weusi unaofanana na wino, na kusugua juu juu hakuufikii. Inabidi vanishi iondolewe, kisha mbao zipauliwe kwa asidi ya okzaliki. Asidi hiyo ni sumu, kwa hiyo ningemwachia fundi mzoefu.

Bomba lilivuja, sasa kingo za mbao zimeinuka. Fundi anataka kupiga msasa wiki hii. Nimruhusu?

Hapana, msimamishe. Upande wa chini umelowa kuliko wa juu, ndiyo maana kila ubao umejikunja kama mtumbwi. Akizikata kingo leo, siku mbao zitakapokauka na kulala, katikati patabaki pametuna, na utalazimika kupiga msasa mara ya pili. Sakafu haina unene wa kuchezea hivyo, hasa ile yenye tabaka jembamba la mbao juu ya plaiwudi. Zibeni uvujaji kwanza, fungua madirisha hewa ipite, kisha fundi apime unyevu wa mbao kwa kipimo, si kwa kiganja. Huenda ikachukua wiki nyingi, hata miezi. Baadhi ya sakafu hurudi sawa zenyewe bila msasa wowote.

Msimu wa ukame mianya hutokea kati ya mbao. Niijaze?

Ikiwa hujifunga unyevu ukirudi, iache. Ukiijaza, mbao zikivimba zitakosa nafasi na zitasukumana.

Viti vinakwaruza.

Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu yake, na uvibadilishe vikijaa mchanga.

Nimepaka sakafu mafuta ya kitani. Matambara niliyotumia niyatupe wapi?

Usiyarundike popote, hata kwa saa chache. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na rundo la matambara hulifungia joto hilo ndani mpaka linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje, mbali na chochote kinachoungua, mpaka yakauke na kukakamaa. Kama huna nafasi nje, yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la bati na ulifunike.