INR ya mama imefika 4.2, ni mbaya?

Swali: Dokta shikamoo, mama anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) tangu damu imgande mguuni, juzi kapimwa INR ikaja 4.2, ndo nini hiyo?

Jibu: Marahaba. INR inaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, asiyetumia dawa huwa karibu 1, ila mgonjwa kama mama kawaida tunamtaka kwenye 2 hadi 3, so 4.2 damu imekuwa "nyepesi" mno (tunasema tu, uzito haubadiliki) na anaweza kuvuja damu kirahisi. Mpigieni daktari wake leoleo, asijipangie dozi. Kaanza Flagyl (antibayotiki)? Hiyo inapandisha INR kweli. Mchicha na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarin, ila asiache ghafla, ale kiasi kilekile. Akipata choo cheusi au akijigonga kichwa, hospitali hapohapo.