Yai lenye ncha halina hatia

Swali: Jambo sana Dokta. Niko Kadutu, Bukavu. Kuku wangu wa kienyeji ameatamia mayai 12, yote ya mviringo, kwani jirani aliniambia yenye ncha yanatoa majogoo. Yenye ncha tulikula. Wametoka vifaranga 10, sasa wana majuma saba, na wanne kati yao upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu. Ni majogoo ao? Nilichagua mayai vibaya? Na kuna kijana anapita kwenye maparseli, anasema atawageuza matako mmoja mmoja na kunipa jibu la hakika, nimlipe kwa kila kichwa. Nimuite?

Jibu: Mama, usimuite. Na mayai mliyokula, poleni: tetea walikuwamo humo sawasawa na katika haya mliyobakiza.

Juma halipiti bila mtu kunijia na habari hii ya ncha. Mwingine hufunga pete yake ya ndoa kwenye uzi, akaining'iniza juu ya yai na kungoja izunguke au iende mbele na nyuma. Mtazame kuku wako mwenyewe, Mama. Kila tetea ana umbo lake la yai, na hulirudia karibu maisha yake yote. Kama ncha ingekuwa na maana, kuku anayetaga mayai yenye ncha angezaa wana wa kiume tu hadi azeeke. Umewahi kumuona kuku wa namna hiyo Kadutu? Mimi sijamuona.

Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inaamua. Kwa kuku anayeamua ni mama. Jogoo ana kromosomu (vibeba urithi) mbili zinazofanana, Z na Z. Tetea ana Z moja na W moja, na ile atakayoiweka kwenye kiini ndiyo inayomaliza shauri. Jambo hilo hukatwa kabla ganda halijaanza kujengwa, na ganda lenyewe huchukua karibu saa 20 kukamilika. Umbo hutokana na njia ambamo yai linapita. Halijui lolote la aliyemo ndani.

Wenye kuveze, mashine za kuangulia mayai, nao wananiuliza wapandishe joto kiasi gani ili wapate tetea watupu. Joto huamua kwa mamba, wale wa Tanganyika. Kuku si mamba. Ukizidisha joto utapata vifaranga waliokufa ndani ya ganda, wa kike na wa kiume pamoja.

Sasa huyo kijana. Kazi anayojisifia ipo kweli: Wajapani ndio walioigundua, na kuanzia miaka ya 1930 ikaenea duniani. Lakini hufanywa kwa kifaranga wa siku moja, na mtu aliyejifunza kwa muda mrefu, akatazama maelfu kwa maelfu mpaka jicho lake likazoea kitu kidogo kama kichwa cha sindano ndani ya tundu la haja. Kuku wa majuma saba amekwisha kupita hapo. Na kwa wale wadogo, mkono usiojua ukibinya tumbo hupasua kilichomo ndani. Nimeletewa vifaranga wa hivyo, wamekufa jioni ileile, na aliyewabinya alikuwa ameshakwenda na faranga zake.

Wanne wako wenye upanga mwekundu, nakubali, huenda ni mapora, yaani majogoo wachanga. Usiwauze bado. Subiri wafike majuma 10 hadi 12, kisha uwakamate usiku wakiwa wamelala, ukiwa na tochi. Usitazame kichwa. Tazama kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Manyoya ya tetea hapo huishia mviringo, kama ncha ya kijiko; ya jogoo ni membamba, marefu, yenye kung'aa, na yanaangukia pembeni. Alama hiyo ndiyo ninayoiamini. Kuwika je? Pora mwingine huanza mapema, mwingine akiona kuna mkubwa wake hunyamaza miezi. Hata kipi, ule mwiba wa mguuni, hudanganya, tetea mzee anaweza kukiota.

Upanga nao utakudanganya mara ya pili. Karibu miezi mitano, tetea anayekaribia kutaga hujaa wekundu kichwani. Mama mmoja wa Panzi alimchinja "jogoo" wake wa Bonane, yaani Mwaka Mpya, akakuta tumboni shada zima la viini. Alilia, na mimi ningelia.

Hao ni wa kienyeji. Anayenunua vifaranga wa kizungu ana hatari nyingine, na hiyo ndiyo inayonikasirisha kabisa. Kuku wa mayai kama ISA Brown hutambulika kwa rangi siku ya kwanza: wa kike ni kahawia, wa kiume ni manjano meupe. Ila rangi hiyo inasema kweli kwa kizazi cha kwanza tu, kinachotoka kwa wazazi maalumu. Mtu akiwazalisha ISA Brown wao kwa wao nyuma ya nyumba, kisha akakuuzia wa kahawia akiapa kwamba wote ni tetea, rangi haina tena ushahidi wowote.

Na wale wa kiume wa manjano wanakwenda wapi? Wengine wanawekwa kwenye katoni na kuuzwa kama kuku wa nyama, kwani siku ya kwanza wanafanana. Kuku wa nyama halisi, akilishwa vizuri, hufika kilo 2 kwa majuma sita. Huyu atakula chakula chako muda huohuo asifike hata kilo moja, na muuzaji hutamuona tena sokoni. Kabla ya kutoa faranga, dai karatasi ya kule walikoanguliwa, yenye aina ya kuku, tarehe na chanjo ya Marek, ugonjwa wa kuku unaopoozesha. Bila karatasi, mwache abebe katoni yake.