Kibao kwanza, namba baadaye

Kijana mmoja wa Njombe ameniandikia wiki hii. Amejiunga na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, amechora barabara za kata yao, na sasa anataka kuingiza ukomo wa mwendo na uzito. Anauliza: "Kaka, sheria si inajulikana? Nikijaza 50 kila kijiji na tani 56 kila barabara kuu, si nitakuwa nimemaliza?"

Hapana, mdogo wangu. Na nakujibu kwa urefu kwa sababu umegusa kidonda.

Kuna daraja la chuma kwenye barabara ya vumbi ambayo huwa naipita kwa pikipiki. Lina kibao cha duara chenye ukingo mwekundu, tani 10. Nilisimama, nikakipiga picha, na nyumbani nikaandika maxweight=10 (maxweight ni ufunguo, yaani jina la taarifa kwenye ramani, wa uzito wa juu unaoruhusiwa) kwenye kipande cha daraja peke yake, kwa sababu kinachozuiwa ni daraja, barabara iliyobaki haina kibao. Baadaye mtu aliyekaa mbali kabisa, ambaye vumbi la huku halijui, akaijazia kila barabara ya eneo lile 56 kwa mkupuo. Daraja la tani 10 likasomeka tani 56. Nilimwandikia kwa adabu. Akanijibu kwamba yeye anafuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kana kwamba sisi wa huku hatuijui.

Tunaijua. Ni ya mwaka 2016. Inaruhusu gari na mzigo wake kufika tani 56, ekseli zisizidi saba, na ekseli moja yenye matairi manne ibebe tani 10. Ndiyo wanayopimiwa madereva pale mizani ya Vigwaza na Mikese. Lakini sheria hiyo inalihusu gari, haisemi daraja fulani la kijijini linahimili nini. Programu ya kupanga njia za malori husoma namba iliyoandikwa kwenye barabara. Ikikuta 56, inampitisha dereva wa semi juu ya chuma cha tani 10 bila kumuonya. Ikikuta hakuna namba, angalau dereva hajadanganywa.

Namba yangu niliirudisha, na bado ipo. Hasira haijaisha, nakiri. Kipindi kile nilikaribia kuacha kabisa kuchora.

Mwendo nao ni hivyo hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka 50 kwenye makazi, na 80 nje ya makazi kwa magari ya mizigo yanayozidi kilo 3,500. Sawa, lakini makazi yanaanzia wapi? Ukitoka Chalinze kwenda Morogoro, kwenye picha ya satelaiti utaona nyumba tu. Mwanzo wa 50 na mwisho wa 50 huvioni, na dereva anapopigwa tochi, mjadala wake na askari ni kuhusu kibao, hauhusu mabati. Mita mia mbili za kukisia zinatosha kumlipisha mtu faini.

Mimi hukata siti ya mbele kwenye basi, upande wa kushoto, simu ikirekodi njia. OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ina sehemu ya kurekodi sauti mahali ulipo, basi kila kibao nakitamka: "hamsini mwanzo", "hamsini mwisho". Nyumbani nafungua JOSM, programu ya kompyuta ya kuhariri ramani, naukata mstari wa barabara pale pale sauti ilipo, naandika maxspeed=50 (mwendo wa juu), kisha source:maxspeed=sign ili anayekuja nyuma ajue nilikiona kwa macho yangu. Ukiwa kwa miguu mjini, programu ya simu ya StreetComplete itakuuliza yenyewe, unajibu tu.

Dereva mmoja wa malori ya Tunduma ameniambia simu yake inampa onyo la 50 kwenye kipande nilichokichora mimi. Hakuna aliyenilipa hata shilingi, lakini siku ile nilitembea kifua mbele.

Sasa nisikilizeni, vijana wote mnaoanza. Angalieni vipimo. Ukiandika 50 bila kitu, inasomeka kilomita kwa saa; wanaotumia maili, kama Waingereza, ndio wanaolazimika kuongeza mph. Uzito usioandikiwa kipimo ni tani, kwa hiyo ukiandika 10000 ukidhani ni kilo, umeliruhusu daraja libebe tani elfu kumi! Kibao cha uzito kikiwa na mchoro wa ekseli, ufunguo wake ni maxaxleload. Usiuchanganye na maxweight, maana lori la tani 30 linaweza kuwa halali kwa kimoja na haramu kwa kingine. Mlimani angalieni pande zote mbili: mara nyingi wanaoshuka wana 30 na wanaopanda hawana kibao, na hapo unatumia maxspeed:forward au maxspeed:backward kufuatana na mshale wa mstari wako. Na msinakili namba kutoka Google, hata picha zake za barabarani. Leseni haituruhusu, na kazi ya watu wengi inaweza kufutwa kwa ajili ya uvivu wa mmoja.

Kibao cha muda cha mafundi wanaomwaga lami kiacheni, kitang'olewa kabla hata mtu hajapakua ramani mpya.

Vya kudumu navyo huibwa na kuuzwa chuma chakavu, au hugongwa, au hubadilishwa barabara ikipanuliwa. Kwa hiyo kila nikipita tena na kukikuta kibao bado kimesimama, naongeza check_date:maxspeed na tarehe ya siku hiyo. Nikikuta nguzo tupu, siifuti namba papo hapo. Naacha ujumbe kwenye ramani, namuuliza mchoraji wa eneo hilo, na nikipata jibu ndipo narekebisha.