Mdogo wangu aliyepigana Afghanistan ana kesi: je, akiri kosa?

SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Marekani. Mdogo wangu alijiunga na jeshi la nchi hii akiwa na kadi ya kijani, akatumwa Afghanistan, na tangu arudi hapati usingizi. Majuzi alikamatwa na vidonge vikali vya maumivu ambavyo hakuandikiwa na daktari. Wakili aliyepewa na mahakama anasema kesi yaweza kuhamishiwa mahakama ya wanajeshi wa zamani iwapo atakiri kosa, na kwamba akimaliza matibabu mashtaka yatafutwa. Mama, aliye Kisumu, anamhimiza akubali upesi ili aibu iishe. Bado hajawa raia. Tufanyeje?
Dada mtu, Minnesota

JIBU: Pole sana, dada. Mahakama hiyo ni jambo jema, na nisingependa nitakayoyasema yakukatishe tamaa nayo. Kielelezo chake kinachofuatwa na wengi kilianzishwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 2008, pale Jaji Robert Russell alipoona wanajeshi wa zamani wakizidi kuletwa mbele yake kwa kesi zilizotokana na ulevi, dawa za kulevya na maradhi ya akili, akawatengea mahakama yao. Humo mshtakiwa hurudi mara kwa mara mbele ya jaji yule yule, hupimwa mkojo, huhudhuria matibabu, na hupewa mwanajeshi mwenzake wa zamani anayejitolea kumwongoza.

Hata hivyo, asikiri chochote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtu akishakiri kosa mbele ya jaji na kuwekewa adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wake, huhesabiwa kuwa ametiwa hatiani, hata kama mahakama ya jimbo itafuta mashtaka baadaye. Hatia ya kupatikana na dawa zinazodhibitiwa, ukiondoa kiasi kidogo cha bangi kwa mara moja, yatosha kumfukuzisha nchini mwenye kadi ya kijani, na utumishi wa jeshi haumkingi.

Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikuwa ameishi nchini kihalali kwa zaidi ya miaka 40 aliposhtakiwa huko Kentucky kwa kusafirisha bangi. Wakili wake alimwambia asihofu kufukuzwa kwa kuwa amekaa muda mrefu, naye akakiri. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia iwapo kukiri kwake kutamhatarishia ukaazi. Kwa hiyo huyo wakili wenu mwulizeni waziwazi, wala msione haya: je, mahakama yenu hupokea watu kabla ya kukiri? Zipo zinazofanya hivyo. Kama haiwezekani, je, mwendesha mashtaka atakubali kosa jingine lisilogusa dawa? Haraka ya mama naielewa, ila mwelezeni kwamba aibu anayoikimbia ni ndogo kuliko hasara ya mwanawe kurudishwa Kenya bila hiari.

Wakati huo huo, pigia hospitali ya VA, idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani, iliyo karibu nanyi uombe kuzungumza na mtaalamu anayeshughulikia wanajeshi wa zamani wenye kesi. Hospitali hizo zina watu wa kazi hiyo, ambao huenda hata jela. Atamtathmini na kumtafutia matibabu, lakini si wakili wake, na mazungumzo kuhusu kosa lenyewe yaachwe kwa wakili. Tafuta pia DD214, karatasi aliyopewa alipoacha jeshi, kwa sababu aina ya kuachishwa iliyoandikwa humo ndiyo huamua mengi kuhusu haki zake VA. Akizidiwa usiku, apige 988, namba ya msaada kwa walio katika dhiki, kisha abonyeze 1 inayowahusu wanajeshi wa zamani. Simu hiyo hupokewa saa zote.

Kuhusu uraia, waliotumikia kwa heshima tangu Septemba 11, 2001 wana njia yao nyepesi ya kuuomba, tena bila ada. Lakini sharti la mwenendo mwema lipo pale pale, kwa hiyo asipeleke maombi kesi ikiwa bado inaendelea mpaka wakili wa uhamiaji ayapitie.