Kerneli za zamani zimejaa kwenye /boot

SWALI: Natumia Debian. Nimejenga kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mara tatu na kuzisakinisha kwa make install, na sasa /boot imejaa, wala sijui nifute faili zipi. Mwenzangu alinishauri nitumie make-kpkg, zana ya kufunga kerneli kuwa kifurushi cha Debian, lakini siipati. Nifanyeje?

JIBU: Huipati kwa sababu Debian imekwisha kuiondoa, na kazi yake hufanywa na msimbo wa kerneli wenyewe. Tatizo lako ni kwamba make install hunakili faili bila dpkg, yaani kisimamizi cha vifurushi cha Debian, kujua, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuondolea kilichowekwa.

Anza na usafi. Tazama kwa uname -r ni kerneli ipi inayotumika, nayo usiiguse. Kisha uliza dpkg -S kuhusu kila faili ya vmlinuz (kerneli yenyewe) iliyomo /boot: ile isiyo na kifurushi ndiyo uliyoiweka mwenyewe, nayo huondolewa pamoja na initrd.img (mfumo mdogo wa faili unaotumika wakati wa kuwaka), System.map na config za toleo hilohilo, na saraka yake iliyo ndani ya /lib/modules. Usipime kwa initrd.img, maana hutengenezwa papo hapo kwenye mashine, hivyo hata ile ya kerneli halali haina kifurushi. Malizia kwa update-grub, ili menyu ya GRUB, yaani kipakiaji kinachowasha kerneli, isasishwe.

Unapojenga tena, nakili faili ya config ya kerneli inayotumika kutoka /boot, uiite .config, uendeshe make olddefconfig, halafu utengeneze vifurushi ambavyo dpkg itavijua:

make -j4 bindeb-pkg LOCALVERSION=-yangu

Hapa wengi hukwama, kwa kuwa usanidi wa Debian hutaja cheti kisichokuwemo katika msimbo uliopakua kutoka kernel.org, na ujenzi husimama ukilalamikia faili iliyo chini ya debian/certs. Dawa yake ni kuacha wazi thamani ya CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS ndani ya .config. Zima pia taarifa za utatuzi wa hitilafu, la sivyo ujenzi utameza gigabaiti nyingi za diski.

Vifurushi vya .deb utavikuta katika saraka iliyo juu ya msimbo. Sakinisha kwa dpkg -i kile cha linux-image, na cha linux-headers pia ikiwa una viendeshi vinavyojengwa na DKMS, mfumo unaovijenga upya kwa kila kerneli. Initrd na menyu ya GRUB vitasasishwa vyenyewe. Kama Secure Boot (ulinzi wa mashine unaokagua saini wakati wa kuwaka) imewashwa, kerneli isiyotiwa saini haitawaka, basi itie saini kwanza kwa ufunguo uliousajili. Siku ukiichoka, apt purge itaiondoa pamoja na moduli zake zote.